Nusu ya Andiko: Uchambuzi wa Insha Moja ya Kikristo Kuhusu Doctor Faustus

Swali la insha lilikuwa la kawaida: je, Faustus, mhusika mkuu wa tamthilia ya Christopher Marlowe iitwayo Doctor Faustus, anaangamia kwa hiari yake mwenyewe, au kuna nguvu nyingine zinazomsukuma? Mwanafunzi aliyelijibu yuko mwaka wa mwisho wa sekondari, amekulia kanisani, na anaijua Biblia kuliko wenzake wengi darasani. Aliandika kurasa nne kwa hati safi, Kiingereza chake hakikuwa na kasoro za kutisha, akapata alama 9 kati ya 25. Chini ya ukurasa wa mwisho mwalimu aliandika maneno matatu tu: mahubiri, si uchambuzi.

Nyumbani mzazi aliyapokea maneno hayo kama adhabu kwa imani ya mwanawe. Lakini shule ni ya kanisa na mwalimu mwenyewe ni Mkristo, kwa hiyo maelezo ya “wanatuonea kwa sababu ya dini” hayasimami. Tatizo limo ndani ya insha. Linalosikitisha ni kwamba mwanafunzi huyu alikuwa na maarifa ambayo mwenzake asiyesoma Biblia angeyatafuta kwa wiki nzima, naye akayatumia pale yasipofaa na kuyaacha pale yalipohitajika.

Kisa hiki ni cha kuunganishwa: kimejengwa kwa makosa yanayojirudia katika insha za aina hii, ndiyo maana wahusika wake hawana majina. Tamthilia na maneno yake ni ya kweli.

Kitabu chenyewe

Christopher Marlowe alibatizwa Canterbury mwezi Februari 1564, mwaka uleule aliozaliwa Shakespeare, akauawa Deptford tarehe 30 Mei 1593 akiwa na miaka 29. Alisoma Cambridge kwa ufadhili uliokusudiwa vijana wanaotazamiwa kuingia ukasisi. Hilo lina uzito: mwandishi wa tamthilia hii alifundishwa Biblia na teolojia kwa kina, na akiipotosha nukuu ya Biblia mdomoni mwa mhusika, ni vigumu kudhani kwamba amepitiwa.

Faustus ni msomi wa Wittenberg, mji wa chuo alichofundisha Luther. Anachoka na kila elimu aliyoisoma, anamwita shetani Mephistopheles, kisha anatia saini mkataba kwa damu yake: miaka 24 ya kutumikiwa, na baada ya hapo mwili na roho vimilikiwe na Lusifa.

Kuna jambo moja la kuchosha ambalo mwanafunzi hana budi kulijua kabla ya kuandika hata sentensi moja. Tamthilia imetufikia katika matini mbili, ya 1604 na ya 1616, na zote zilichapishwa Marlowe akiwa amekwisha kufa. Ya 1616 ni ndefu zaidi, ina maonyesho ambayo ya 1604 haina, na hapa na pale inabadilisha hata neno moja moja. Tunajua pia kwamba mwaka 1602 Philip Henslowe, mwenye jumba la maonyesho, alilipa pauni 4 kwa waandishi wawili waongeze sehemu kwenye tamthilia hii. Kwa hiyo mtu akisema “Marlowe anaandika kwamba…”, swali la kwanza ni: katika matini ipi?

Insha ya kwanza ilikuwa na nini

Mwalimu aliipitia tena insha pamoja na mwanafunzi, penseli mbili za rangi mkononi. Rangi moja ilipigia mstari kila nukuu ya Biblia, nyingine kila nukuu ya tamthilia. Zoezi halikuchukua dakika kumi, na matokeo yake yalionekana kwa macho bila maelezo: nukuu za Biblia 11, za tamthilia 2.

Aya ya pili ilihusu uchawi, ikaegemea Kumbukumbu la Torati 18. Ya tatu ilihusu kiburi, ikaegemea Isaya 14 na anguko la nyota ya alfajiri. Ya nne ilisema Mungu alimpa Faustus nafasi nyingi, bila kutaja hata moja. Hitimisho lilianza na maneno “sisi vijana wa leo”.

Hakuna hata dai moja kati ya hayo lililo la uongo. Hapo ndipo wanafunzi wa Kikristo hukwama: wanajitetea kwamba walichoandika ni kweli, na ni kweli. Lakini kwamba Faustus ametenda dhambi na ana kiburi, Korasi, yaani msemaji anayeifungua tamthilia, inatangaza jukwaani kabla yeye hajafungua mdomo. Mtahini hatoi alama kwa habari ambayo kila aliyesoma ukurasa wa kwanza anayo. Anataka kujua tamthilia inafanya nini na habari hiyo, kwa maneno gani, na kama kuna mahali inajipinga.

Na inajipinga mapema sana. Nukuu mojawapo ya zile mbili za tamthilia ilitoka kwenye dibaji ya Korasi, inayomfananisha Faustus na Icarus aliyeruka kwa mbawa za nta: “His waxen wings did mount above his reach”. Mwanafunzi aliinukuu kuthibitisha kiburi, akaweka nukta. Mstari unaofuata unasema “And melting heavens conspired his overthrow”. Yaani mbingu zilikula njama ya kumwangusha. Swali linauliza kama kuna nguvu nyingine zinazomsukuma Faustus, na jibu la kwanza la tamthilia liko mstari mmoja tu chini ya mahali alipokatia nukuu.

Kukata huko kulijirudia kwa namna mbaya zaidi. Katika aya ya uchawi mwanafunzi aliandika, kama hukumu juu ya Faustus: “mshahara wa dhambi ni mauti (Warumi 6:23)”. Hakuendelea. Sasa tuone Faustus mwenyewe anafanya nini.

Onyesho la kwanza, kwa karibu

Faustus yuko chumbani mwake na vitabu. Anashika elimu moja baada ya nyingine na kuitupa: mantiki ya Aristotle, utabibu wa Galen, sheria ya Justinian. Kisha anasema teolojia ndiyo bora, na anafungua Biblia ya Jerome. Anasoma kwa Kilatini, halafu anatafsiri: “The reward of sin is death”. Anasema “That's hard”, hilo ni gumu. Anafunua mahali pengine: tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, wala kweli haimo mwetu. Basi, anasema, ni lazima tutende dhambi, na hivyo ni lazima tufe, tena mauti ya milele. Mafundisho gani haya? Anasema “Divinity, adieu”, anaiaga teolojia na kugeukia vitabu vya uchawi.

Kila aliyepita shule ya Jumapili anajua Warumi 6:23 haiishii hapo. Sentensi ya Paulo ina mgeuko katikati: “bali karama ya Mungu ni uzima wa milele katika Kristo Yesu Bwana wetu.” Andiko la pili ni 1 Yohana 1:8, na mstari wa tisa unaofuata unasema: “Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote.” Faustus amesoma nusu ya sentensi moja, na nusu ya hoja ya pili, akaunganisha nusu mbili kuwa hitimisho la kukata tamaa. Kinaya kinaongezeka ukikumbuka kwamba muda mfupi uliopita ametupa mantiki akidai ameimaliza. Hoja yake ya kwanza baada ya hapo ni mbovu kwa kipimo cha mantiki hiyohiyo.

Insha ya mwanafunzi ilitumia nusu ileile ya andiko lilelile kumhukumu mtu ambaye kosa lake la kwanza jukwaani ni kusoma nusu hiyo. Mwalimu hakulisema hilo. Alimpa Biblia na tamthilia, zote zikiwa wazi, akamwomba asome Warumi 6:23 kwa sauti hadi mwisho, halafu asome tena ukurasa wa kwanza wa Faustus. Ni njia nzuri kuliko maelezo yoyote.

Kwa nini mwanafunzi anayelijua andiko kwa moyo hakuligundua? Sababu ni mbili, na zote zinatibika. Kwanza, sehemu hiyo iko kwa Kilatini, na wanafunzi wengi huruka Kilatini wakiamini tafsiri ya chini ya ukurasa itawafidia; hawaisomi hata hiyo. Pili, andiko lililokaririwa tangu utotoni hupita masikioni kama kiitikio. Mtu akisikia mwanzo wake akili hujazia mwisho yenyewe, na hivyo haoni kwamba mwisho haukusemwa. Asiyeijua Biblia anakosa kugundua kwa kutojua. Huyu anakosa kwa kujua mno.

Neno moja linalofunga hoja

Baada ya kugundua hilo, wengi huishia hapo: “Faustus ananukuu nusu, kwa hiyo kosa ni lake.” Ni aya nzuri, lakini tamthilia ina zaidi, na hapa ndipo maarifa ya Biblia yanapokuwa chombo cha uchambuzi.

Katika tendo la pili Faustus anamuuliza Mephistopheles nani aliyeumba ulimwengu. Mephistopheles anakataa kujibu. Malaika wawili wanaingia. Malaika Mwovu anasema “Too late”, umechelewa. Malaika Mwema anajibu “Never too late, if Faustus can repent”. Faustus analia akimwita Kristo aiokoe roho yake. Anayetokea ni Lusifa, na maneno yake ya kwanza ni haya: “Christ cannot save thy soul, for he is just”. Kristo hawezi kuiokoa roho yako, kwa maana ni wa haki.

Lirudie sasa andiko ambalo Faustus hakulifikia: ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Biblia ya Geneva ya 1560, iliyokuwa ikisomwa sana Uingereza wakati wa Marlowe, nayo ina “faithful and just” mahali hapo. Yohana anataja haki ya Mungu kama sababu ya msamaha. Lusifa anaitaja haki hiyohiyo kama kizuizi cha msamaha. Faustus hana la kumjibu, kwa sababu jibu liko kwenye mstari ambao hakuusoma katika onyesho la kwanza. Aliyeacha kusoma mapema hana silaha baadaye, na tamthilia haisemi hivyo popote. Inayapanga maonyesho mawili na kumwachia mtazamaji ayaunganishe.

Aya ya namna hii ndiyo mtahini huitafuta. Ina sehemu mbili za tamthilia zilizo mbali, kuna neno linaloziunganisha, na athari yake kwa mhusika inaonekana. Mtahini asiye Mkristo anaweza kuihakiki yote akiwa na vitabu viwili mezani. Hicho ndicho kipimo kinachofaa kutumika kwa kila andiko linaloingia kwenye insha: tamthilia inaligusa? Likiondolewa, hoja inaanguka? Mtu asiye wa imani hiyo anaweza kuthibitisha? Kwa kipimo hicho, kati ya nukuu 11 za insha ya kwanza ilibaki moja, Warumi 6:23, tena ikiwa nzima.

Kuwinda maandiko ndani ya tamthilia

Mwanafunzi alipewa kazi ya jioni mbili. Jioni ya kwanza asome tamthilia bila Biblia, akiweka alama pembeni kila anapohisi “hili nimelisikia mahali”. Jioni ya pili aifungue Biblia, na kwa kila alama aandike andiko lenyewe pamoja na mstari ulio kabla na ulio baada yake. Kuandika mistari ya jirani ndiyo sehemu muhimu. Ukiandika andiko peke yake unarudi kulekule.

Alipata mengi. La maana zaidi lilikuwa “Consummatum est”, maneno ya Yesu msalabani katika Yohana 19:30, “Imekwisha”. Faustus anayasema akimaliza kuandika mkataba. Rasimu ya mwanafunzi ilisema “hii ni kufuru”, nukta. Ni kufuru kweli, lakini swali ni inafanya kazi gani. Msalabani damu inatolewa kwa ajili ya wengine. Hapa mtu anatoa yake ili ajipatie. Kisha kuna kitenzi kimoja cha kuangalia. Muda mfupi kabla ya hapo damu ya Faustus iliganda asiweze kuandika, akauliza: “Why streams it not, that I may write afresh?” Saa ya mwisho ya maisha yake, anatazama juu na kusema: “See, see where Christ's blood streams in the firmament!” Damu aliyoisihi itiririke ilikataa, ile ambayo sasa haifikii inatiririka angani. Mstari huo wa pili umo katika matini ya 1604. Matini ya 1616 haina mstari huo. Katikati ya miaka hiyo, 1606, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyotoza faini ya pauni 10 kwa kulitaja jina la Mungu au la Kristo kwa mzaha au dharau jukwaani, na huenda hofu ya sheria hiyo ndiyo iliyochangia maneno ya aina hii kupunguzwa.

Mara tu baada ya mkataba yanatokea maandishi mkononi mwake: “Homo, fuge”, mwanadamu, kimbia. Yanakumbusha 1 Timotheo 6:11. Faustus anauliza akimbilie wapi. Kwa Mungu, anasema, atatupwa kuzimu. Na katika hotuba ya mwisho anaiita milima na vilima vimwangukie, kama Luka 23:30. Haya mawili yanatosha kutajwa kwa sentensi moja moja.

Hapa pana mtego wa tarehe. Mwanafunzi aliandika kwamba Marlowe “anaiga lugha ya Biblia ya King James”. Biblia hiyo ilitoka 1611, miaka 18 baada ya Marlowe kuzikwa. Ni rahisi kuukwepa: ukitaka Biblia ya Kiingereza ya wakati wake, taja ya Geneva ya 1560 au ya Maaskofu ya 1568, na ukumbuke kwamba Faustus mwenyewe anasoma ya Kilatini.

Pingamizi la mzazi

Mzazi aliuliza swali la haki: kwa nini shule ya kanisa isomeshe kitabu chenye mtu anayeita mashetani? Akaongeza kwamba mwandishi alikuwa mkana Mungu.

La mwandishi linajibika upesi. Mwaka 1593 mpelelezi mmoja, Richard Baines, aliandika orodha ya maneno ya kumkana Mungu aliyodai Marlowe aliyasema. Ni tuhuma ya mtu mmoja dhidi ya mwenzake, na hata ingekuwa kweli yote haitwambii mstari fulani wa tamthilia unafanya nini. Mwanafunzi asiitumie kama ushahidi, si kwa upande huu wala ule.

La uchawi linahitaji kusoma onyesho lenyewe. Faustus anatamka maneno ya Kilatini, Mephistopheles anatokea, na Faustus anajisifu kwamba maneno yake yana nguvu. Mephistopheles anamkatiza: amekuja kwa hiari yake. Mashetani wakisikia mtu analitukana jina la Mungu na kumkana Mwokozi, huja mbio wakitumaini kuipata roho yake. Maneno yalikuwa sababu ya pembeni tu, “per accidens”. Kwa hiyo tamthilia inaikana ile nguvu ambayo mzazi anaiogopa, na anayeikana ni shetani mwenyewe. Ukilisoma onyesho hilo kama mwongozo wa uchawi umelisoma kinyume.

Hata hivyo dhamiri ya mtu haisukumwi kwa hoja peke yake, na Warumi 14, inayofundisha kutomkwaza mwenye dhamiri nyepesi, ipo kwa sababu hiyo. Darasani hakuna ulazima wa mtu yeyote kuyatamka maneno yale kwa sauti au kuyaigiza. Yanasomwa kimya, mazungumzo yakaanzia pale Mephistopheles anapofungua mdomo. Kama mtaala unaruhusu uchaguzi wa vitabu na familia bado haina amani, kubadilisha kitabu mapema ni bora kuliko mwanafunzi kukisoma nusunusu na kuandika insha ya kujikinga nacho. Insha za kujikinga zinatambulika haraka.

Kile ambacho hakukisoma kabisa

Maonyesho ya vichekesho mwanafunzi aliyaruka, kwa kuwa “si sehemu ya ujumbe”. Ni kosa la watu wengi, wakiwemo wasio Wakristo. Wagner, mtumishi wa Faustus, anamwambia mlofa mmoja kwamba kwa njaa aliyo nayo angeweza kumpa shetani roho yake kwa bega la kondoo bichi. Mlofa anakataa: ikiwa bei ni ghali hivyo, nyama iwe imechomwa vizuri, tena na mchuzi mzuri. Watu wanacheka. Lakini mlofa amejadili bei. Msomi wa Wittenberg hakujadili. Ndiye aliyependekeza masharti.

Na ameuziwa nini? Kabla ya mkataba aliota kuizungushia Ujerumani yote ukuta wa shaba. Baada yake anampiga Papa kofi akiwa haonekani, anamletea mke wa mtawala zabibu mwezi Januari, anamtapeli mnunuzi wa farasi dola 40. Mwanafunzi anayefahamu fundisho la Augustine, mwanateolojia wa Kanisa la kale, kwamba uovu ni upungufu wa wema, si kitu chenye asili yake, ana lugha tayari ya kueleza kusinyaa huku. Analiona pia kwa Mephistopheles, ambaye kuzimu kwake si mahali pa moto bali kuukosa uso wa Mungu aliouona zamani: “Why, this is hell, nor am I out of it”. Hapa Augustine anafaa kwa sababu muundo wa tamthilia unamwita.

Kuandika upya

Aya ya zamani, kwa Kiswahili, ilisema hivi: “Faustus alichagua kumfuata shetani badala ya Mungu. Biblia inasema mshahara wa dhambi ni mauti. Hii inaonyesha kwamba kila anayejihusisha na uchawi ataangamia, kwa sababu Mungu huwapinga wenye kiburi.”

Aya mpya: “Faustus anaisoma Biblia kama mtu anayetafuta sababu ya kuifunga. Anatafsiri ‘The reward of sin is death’, anatamka ‘That's hard’, na anaiacha sentensi ya Paulo pale inapogeukia karama ya uzima. Mtazamaji wa wakati ule, aliyezoea kulisikia andiko hilo kanisani, angeweza kukisikia kilichoachwa. Kukata huku kunaonekana kuwa uchaguzi, na kunamgharimu: Lusifa anapodai Kristo hawezi kumwokoa ‘for he is just’, Faustus hana andiko la kujibu. Hata hivyo mbingu ‘zilizokula njama’ kwenye dibaji zinatuzuia kuufanya uchaguzi huo kuwa maelezo yote.”

Nukuu zimekuwa fupi, maneno mawili hadi sita. Kila moja inafuatwa na kile inachofanya. Sentensi ya mwisho inakubali kuna upande wa pili, bila kulegeza dai. Na hakuna mahali mwandishi anamwambia msomaji aamini nini.

Hilo la mwisho lilileta ubishi. Mwanafunzi alihisi ameficha imani yake. Ukweli ni kwamba insha ya kwanza ilichanganya ngazi tatu: tamthilia inaonyesha nini, watu wa wakati ule walifundishwa nini, na mimi naamini nini. Swali la mtihani kwa kawaida huomba ya kwanza, likisaidiwa na ya pili. Ya tatu ina mahali pake. Mwalimu alimpa ukurasa mmoja wa tafakari baada ya insha, usiopewa alama, na huko mwanafunzi aliandika kwa uhuru kuhusu toba. Ulikuwa ukurasa mzuri kuliko mahubiri ya kwanza, pengine kwa sababu sasa alikuwa amekisoma kitabu.

Insha ya pili ilipata 19. Zilizokosekana zilikuwa na sababu. Aliandika “Wakristo wote wa wakati ule waliamini”, ilhali Uingereza ya miaka hiyo ilikuwa ikibishana vikali kuhusu uteule (kwamba Mungu amekwisha kuwachagua watakaookoka) na hiari. Onyesho la Mzee, mtu anayemsihi Faustus atubu, ambamo Faustus anasema “I do repent, and yet I do despair”, hakulifikia kabisa kwa sababu muda ulimwishia, na ni hasara kubwa: hapo toba na kukata tamaa vimo katika mstari mmoja. Katika insha ya saa moja, dakika kumi za kupanga zingemwonyesha kwamba onyesho hilo linastahili nafasi kuliko Icarus. Tena alinukuu “if Faustus will repent” kutoka nakala ya intaneti, wakati kitabu cha darasa kinafuata 1604 na kina “can”. Swali linauliza kuhusu hiari, na matini mbili zinatofautiana kwenye neno lilelile linalobeba hiari: kama anaweza, kama atataka. Aliyejua angejenga aya nzima juu yake. Yeye alionekana amenukuu vibaya.

Matini ya 1616 ilimpa jambo jingine, na hili alilishughulikia vyema. Karibu na mwisho Mephistopheles anajigamba kwamba Faustus alipofungua Maandiko, yeye ndiye aliyegeuza kurasa na kuliongoza jicho lake. Rasimu ilirukia hitimisho: basi mwenye hatia ni shetani. Mwalimu aliandika pembeni maswali mawili: nani anasema, na anamwambia nani wakati gani? Anayesema anafaidika Faustus akikata tamaa, na Faustus amebakiwa na muda mfupi. Mkristo atakumbuka upesi kwamba shetani ni baba wa uongo. Lakini mhusika huyuhuyu, katika onyesho la kwanza walilokutana, alimwambia Faustus ukweli mchungu kuhusu kuzimu na kumsihi aachane na maombi yake ya kipuuzi. Si kila anachosema ni uongo. Mwanafunzi aliziandika pande zote mbili kwa sentensi nne, akasema ni upi anaona una nguvu zaidi na kwa nini, bila kuufuta ule mwingine. Alama tatu kati ya kumi zilizoongezeka zilitoka hapo.